Sikio Likivuma Baada ya Simu

Nauza vitenge Kikuubo, soko la Kampala. Kutwa nzima naongea na wateja wa Juba na Goma kwa simu. Jioni sikio la kulia linavuma kama lina nyuki, asubuhi linatulia. Nimeshaharibika?

Dada, huo mvumo ni onyo, na umeuliza mapema. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyotikiswa na sauti. Sauti kubwa ikikaa muda mrefu, seli hizo huchoka. Ukilala zinapata nafuu, ndiyo maana asubuhi unajisikia mzima. Zikichoshwa hivyo kila siku hufa, na kwa binadamu hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa zinazobaki ni 4 tu kwa wiki nzima. Ongezeko linaonekana dogo, lakini sikio linalilipia.

Kikuubo napafahamu: hamali anapaza sauti apishwe, boda zinapiga honi, spika ya duka la pili inaita wateja. Makelele hayo ndiyo yanayokufanya ubonyeze sauti ya simu hadi mwisho. Kwa hiyo anza na mahali unapoongelea. Ingia nyuma ya majora yako. Kitambaa kinanyonya sauti, na utashangaa jinsi unavyomsikia mteja hata simu ikiwa kwenye asilimia 60. Usishinde umeiegemeza sikio lile lile. Bei na vipimo vitume kwa ujumbe. Na kama mvumo haukomi hata baada ya kupumzika, kapimwe usikivu. Hospitali ya Mulago wapo madaktari wa masikio, pua na koo.

Mimi ni boda Arua. Kuna ubaya kupokea simu kwa hedifoni nikiwa nimevaa helmeti?

Upo, kaka. Upepo na injini vitakulazimisha kuongeza sauti, na honi ya lori la nyuma hutaisikia. Egesha kando, zima injini, ndipo upokee.

Simu ikipata moto sikioni, inaua usikivu?

Joto hilo linatoka kwenye betri na mitambo ya simu. Kinachoumiza usikivu ni ukubwa wa sauti na muda wake. Ikichemka, iweke mezani kwa spika, mahali tulivu.

Mwanangu anaazimana vipokea sauti vya masikioni na wenzake shuleni, sasa sikio linamwasha. Namsafisha kwa njiti yenye pamba. Nipo Busia.

Mama, hiyo njiti iache leo. Nta ni kinga ya sikio na hujitoa yenyewe. Njiti huisukuma ndani hadi ikaziba, na inaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Asiazimane tena, na vya kwake avifute mara kwa mara. Akitoa usaha au akilalamika maumivu, mpeleke kituo cha afya bila kumtia mafuta wala dawa ya kubahatisha.

Nimeamka sikio moja halisikii kabisa, haliumi. Nadhani ni simu ya jana usiku, saa mbili mfululizo. Nisubiri lizibuke?

Usisubiri, ndugu yangu. Huenda ni nta tu, lakini sikio kuzima ghafla ni dharura hata kama hakuna maumivu. Yapo matibabu yanayosaidia zaidi yakianza ndani ya siku chache za mwanzo, na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Nenda leo, na useme waziwazi: jana nilikuwa nasikia.