Kabla hujang'oa kiti cha nyuma

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu kujifunza kazi, na siku ya kwanza wote huuliza jambo moja: lini watafunga koilova, zile shoki zilizovishwa springi ambazo urefu wake hurekebishwa kwa nyuzi. Hakuna aulizaye lini atakaa kiti cha abiria ndani ya gari alilolifunga, apelekwe Mtwapa na kurudi. Basi haya nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa mnaotaka kazi ya magari ya kasi hapa Malindi, ambako wateja wa aina hiyo ni wachache na wote wanajuana. Ukimharibia mmoja asubuhi, jioni habari imeshafika Watamu.

Mteja akija na neno "fundi, nataka gari la mbio," usikimbilie spana. Mpe kiti, mwagizie kahawa, muulize. Gari hulala wapi? Nani hupanda? Litaingia mashindanoni mara ngapi kwa mwaka, na litafikaje huko? Mteja wangu mmoja, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na Subaru Impreza WRX na hamu ya kwenda Kiambu kwenye KiambuRing, zile mbio za kushindana na saa kwenye barabara ya kawaida iliyofungwa. Halibebwi na lori, analiendesha mwenyewe. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na kutoka Mombasa hadi Nairobi, jirani na Kiambu, 480. Kwenda na kurudi ni 1,200. Akifika huko anakimbia dakika chache, anapumzika, anakimbia tena. Mbio za siku nzima hazikumfikisha kilomita 50. Na hapo sijatia safari za dukani, shule ya watoto wa dada yake, na Ijumaa kwa mamake Gede.

Hesabu hiyo nakiri tuliifanya nimeshaharibu. Mara ya kwanza nilimpa alichotaka: koilova zenye springi za mbele za kilo 10 kwa milimita, yaani kuibonyeza milimita moja kunataka uzito wa kilo 10, na za kiwandani hazikufika nusu ya hapo. Tukalishusha hadi vidole viwili tu vinapita kati ya tairi na bodi. Lilipendeza, wallahi. Watoto wa mtaa walilipiga picha. Wiki ya tatu akarudi anatembea kama aliyeanguka mnazini. Mkewe alikuwa ameshahamia tuktuk. Matuta ya barabarani yalikuwa yamekula mdomo wa bampa, na kile kikombe cha juu kinachoshika shoki kimeanza kupasuka upande wa kushoto. Lakini hayo yote aliyavumilia. Kilichomleta kwangu na uso uliokunjamana ni kwamba Kiambu alishindwa na rafiki yake mwenye Impreza kama yake, springi za kiwandani, matairi mazuri.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, msilipite mbio. Watu hudhani starehe na kasi ni ndugu wawili wanaogombea urithi, akipata huyu amekosa yule. Kwenye uwanja wa mbio uliolazwa lami kama kioo, kuna ukweli kidogo. Gari gumu halilali sana kwenye kona, na usukani hujibu haraka. Lakini tairi hushika barabara pale tu linapoigusa. Springi ngumu ikikutana na kiraka cha lami, haimwachi tairi apande na kushuka peke yake, inalirusha gari zima. Kwa kitambo kidogo tairi liko hewani au limeguswa juujuu tu, na tairi la hewani halikati kona wala halifungi breki. Dereva anahisi mtikisiko, anadhani ni kasi, kumbe saa inasema mengine.

Kwa hesabu, gari la familia bodi yake hucheza juu ya springi mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde, karibu na mdundo wa mtu anayetembea, ndiyo maana mwili hauoni taabu. Gari la michezo la kiwandani hukaribia mara mbili. La uwanjani huvuka hapo. Ukizidisha ugumu wa springi mara nne, mdundo unazidi mara mbili. Kwa hiyo fundi akikwambia "nimeongeza kidogo tu," muulize kidogo ni kilo ngapi.

Tazameni picha za magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Dereva McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, mwenzake Mäkinen na Mitsubishi Lancer mwaka 2001. Magari yale yalikuwa yameinuliwa, magurudumu yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Hakuna aliyesema yamelegezwa kwa ajili ya starehe. Yalilegezwa kwa sababu barabara ilitaka hivyo, na barabara ya hapa kwetu inataka vivyo hivyo, ingawa sisi tunaiita lami.

Tulianza upya. Springi za kilo 5, gari likapanda sentimita tatu. Bushi, vile vipande laini vya kwenye maungio ya chini ya gari, tukaweka za mpira mpya, si za poliurethani, ile plastiki ngumu. Zile ngumu zina faida yake kwenye usukani, ila hupitisha kila changarawe mpaka kwenye meno, na zisipopakwa grisi hulia kama mlango wa zamani. Kisha tukaongeza unene wa stebilaiza ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwa mteja wa barabarani. Stebilaiza hufanya kazi gari likilala upande. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, inajizungusha tu, hailipishi mgongo wa mtu. Ikiwa ni shimo la upande mmoja utaisikia, hilo siwafichi. Mwaka uliofuata alimpita rafiki yake. Mkewe alirudi garini kabla ya hapo, na kwangu huo ndio ushindi niliojisifia zaidi.

Eisi. Kila kijana anayependa mbio ataomba ing'olewe, kwa kuwa amesikia uzito wake ni kama kilo 20 na inakula nguvu za injini. Ni kweli inakula. Lakini magari mengi ya kisasa hukata kompresa yenyewe ukikanyaga mafuta hadi mwisho, basi pale unapozihitaji nguvu zote unazo. Na mwenye kutoa ushauri huo akae ndani ya gari jeusi mwezi wa Februari hapa Malindi, saa nane mchana, kofia ngumu kichwani, vioo juu. Dereva aliyeanza kukauka maji huchelewa kufunga breki, na kuchelewa huko kunameza faida ya kilo 20 zote. Honda walipotengeneza NSX Type R mwaka 1992 walipunguza kama kilo 120 kwa kutoa eisi, vizuia kelele na mengineyo, ndiyo, lakini walilipunguzia gari ambalo mwenyewe alikuwa na jingine la kwendea kazini. Wateja wetu wengi wana moja.

Na hata wenye nacho si wajinga. Porsche walipotoa Carrera RS ya 1973, mnunuzi aliweza kuchagua nyepesi iliyovuliwa kila kitu, au ile ya Touring yenye viti vya maana na mazulia, nzito kwa kilo 100 hivi. Yalitengenezwa 1,580. Nyepesi zilichukuliwa 200, Touring zaidi ya 1,300. Hao ni watu wa Ulaya, barabara zao unaweza kulaza yai.

Sasa breki, na hapa sina masihara. Ukipewa shilingi za kufanyia kitu kimoja tu kwenye gari la kasi, badilisha mafuta ya breki. Hayaongezi kelele wala hayamtikisi mtu, ndiyo maana hakuna anayeyaomba. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu hapa ni nusu bahari. Mafuta ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205, na yakichoka 140. Mafuta yakichemka kwenye kaliper, kile kibanio cha pedi, yanageuka mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Mwanafunzi wangu mmoja alitoa mafuta ya gari moja hapa yakatoka na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Mwenyewe alikuwa ametumia pesa nyingi kwenye ekzosi. Wengi hubadilisha kila miaka miwili. Mimi kwa pwani hubadilisha kila mwaka, na tena wiki ya kwenda mashindanoni. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwezi jana usiitie, hata ikiwa imejaa. Na DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na hizi. Namba inafanana, ukoo si mmoja.

Pedi za uwanjani ni kosa langu jingine. Nilimfungia dada mmoja pedi za mbio kwa kuwa kaka yake alisisitiza. Pedi zile zinataka joto ndipo zishike. Asubuhi, gari limelala baridi, tuktuk ikasimama ghafla mbele yake karibu na soko. Alisimama, alhamdulillahi, lakini kwa upana wa kiganja. Alinirudia akanitazama tu, hakusema neno. Siku hizi gari la barabarani hupata pedi za barabarani zilizo bora, na za mbio hutiwa kwenye begi, zikafungwe huko huko.

Upepo wa matairi vilevile unataka begi, yaani pampu ndogo na geji nzuri. Tairi ukilianzia psi 32 asubuhi, likishapata moto wa mbio linapanda kwa namba nne, tano au zaidi, na madereva hupunguza upepo ili lishike vizuri. Sawa. Sasa kumbuka kurudisha kabla ya safari ya nyumbani. Mwenye duka wangu alisahau, akateremka na upepo mchache mpaka Voi, na kuta za matairi zilikuwa za moto hata mkono haukai. Tairi lenye upepo mdogo kwenye safari ndefu hujipika lenyewe. Alibahatika.

Kuna kitu kimoja nakataa kukifunga, mteja alie, anune, aende kwa mwingine: fremu ya chuma ya ndani kwenye gari ambalo watu wanalipanda bila kofia ngumu. Fremu ile inamlinda dereva aliyefungwa mikanda ya mbio na kuvaa kofia. Kichwa kitupu kikiigonga kwenye ajali ndogo ya mjini, imemuua iliyoletwa kumwokoa. Mikanda ya mbio kwenye kiti cha kawaida nayo ni hadithi hiyo hiyo. Hapo sibishani, nanyi msibishane.

Magari mapya yana kitufe cha kubadilisha ugumu wa shoki. Shoki zenye mafuta yenye chembe za chuma, ambazo umeme wa sumaku huzifanya ngumu au laini papo hapo, zilianza kwenye Cadillac mwaka 2002, na siku hizi njia za namna hiyo zinaingia hata kwenye magari ya mtumba. Mteja akiwa nazo nzima, mwambie ashukuru, aache. Ukizitoa ukaweka koilova za bei rahisi, umemnunulia taa ya hitilafu kwenye dashibodi na umemuuzia kitufe cha bure.

Chumvi ya Malindi hamtaikuta kwenye maelekezo ya kiwanda. Kusi likivuma, gari lililolala Silversands huamka na ukungu wa chumvi. Nyuzi za kurekebishia koilova hushikana na kutu hadi unazifungua kwa nyundo na dua. Zioshe kwa maji baridi, zipake grisi, zizungushe kila baada ya miezi michache hata kama hutaki kubadilisha chochote.

Kwa kila unachokitoa kwenye gari la mtu, kihesabu bado ni mali yake. Mabaharia wa Lamu hufanya hivi na mashua: siku ya mashindano hutoa kila kisichohitajika, watu hukaa kwenye ubao nje ya ubavu kuizuia isilale, na kesho yake mashua ileile inabeba mchanga. Hakuna aliyeikata mbavu ili ishinde. Nanyi msikate. Msichome kwa moto, msisage mabano kwa kuwa "hayatatumika tena."

Kijana wa Impreza aling'oa kiti cha nyuma mwaka ule wa kwanza, na mimi nikakiweka darini, nimekifunika gunia. Boliti zake nne nikazitia kwenye mkebe wa Kimbo na kuandika namba ya gari kwa chaki ya mafuta. Mwaka huu, baada ya Idi, alikuja na mkewe, na mkewe amebeba mtoto wa siku arobaini na kitu. Hakuhitaji kunieleza. Nikapanda darini, nikashusha kiti, nikafungua mkebe. Boliti tatu. Ya nne tuliikuta jioni, mmoja wenu amefungia mguu wa meza ya chai.