Maharage, ndiyo, kiporo, hapana

Ukiambiwa na daktari upunguze vyakula vyenye histamini, yaani kemikali inayoweza kuleta dalili kama za aleji, na wewe ni mtu wa Tanga, pigo la kwanza ni samaki. Jodari, vibua na dagaa wakikaa bila barafu, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama yao, na ukaange au uchemshe, haitoki. Zikifuata nyanya, mchicha, biringanya na achari kwenye orodha, unajiuliza utapika nini.

Mimi nimeegemea maharage, na nawatetea wanaoyapenda, maana wengi huyaacha bure. Tatizo kubwa haliko kwenye punje kavu bali kwenye saa ambazo chakula kinakaa baada ya kuiva. Kwenye utumbo mwembamba tuna kimeng'enya kiitwacho DAO, kinachovunja histamini ya chakula. Kisipotosha, ndipo unapata muwasho, uso kuwaka, pua kuziba, kichwa kugonga. Sasa chukua maharage ya jana, yamelala jikoni kwenye joto letu hili la pwani, uyapashe asubuhi unywe nayo chai. Moto unaua bakteria, lakini histamini waliyokwisha kuiacha inabaki pale pale. Najua kiporo cha maharage kina utamu wake, na kukiacha kuliniuma kuliko kuacha samaki.

Kwa hiyo napika ya kula siku hiyo. Yakizidi, nayagawa kwenye vikopo vidogo yangali mapya, yapoe upesi kwenye beseni la maji baridi, kisha moja kwa moja kwenye friza. Siyaweki kwenye friji ya kawaida kwa siku mbili tatu. Kikopo kikitoka kinapashwa na kuliwa chote.

Kuloweka nako kuna namna yake. Hapa kwetu maji ya usiku kucha huanza povu na harufu ya uchachu, nawe uchachu ndio unaoukimbia, maana nao huleta histamini. Naloweka alfajiri, nabadilisha maji, na mchana nayamwaga yote. Saa tano zinatosha. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo wa mkaa peke yake hauiondoi. Hilo halihusiani na histamini, ila ukitapika utadhani ni ile ile.

Nyanya siweki. Kitunguu, karoti iliyokunwa, kitunguu saumu, chumvi, kisha tui zito mwishoni, basi. Maharage ya Lushoto yanayoshuka sokoni Ngamiani yanaiva laini hata mchuzi haudai nyanya. Choroko na mbaazi nazo nazila, ila kila mwili na wake: anza na kijiko kimoja cha aina moja, siku ambayo hujala kitu kingine kipya, uandike kilichotokea. Soya nimeiweka kando, na sosi yake zaidi, kwa kuwa huchachushwa.

Ulimi au koo vikivimba, au pumzi ikibana, usihangaike na orodha ya vyakula. Kimbia hospitali, hiyo huenda ni aleji kali.

Mbaazi za nazi za kununua asubuhi ndizo ngumu, kwani mara nyingi zimechemshwa tangu usiku. Muulize mama muuzaji amezipika saa ngapi. Wangu sasa ananiambia mwenyewe kabla sijauliza, na siku akiwa na za jana huniuzia andazi peke yake.