MASWALI YA WASOMAJI: Meli Kubwa, Msafiri Mmoja

Swali: Nimestaafu ualimu mwaka huu na nimetia nia ya kwenda safari ya meli ya kitalii ya siku kumi, peke yangu. Tangazo lilikuwa na bei ya kuvutia, lakini wakala alipopiga hesabu ikakaribia mara mbili. Je, naibiwa? Na chumba gani kinamfaa mtu wa mara ya kwanza?
– Mwalimu mstaafu

Jibu: Shikamoo mama. Huibiwi. Kampuni za meli hutangaza nauli ya kichwa kimoja kwa kuchukulia kwamba chumba kitalaliwa na watu wawili. Ukikichukua peke yako unatakiwa kufidia kitanda kitakachobaki kitupu, na fidia hiyo inaweza kufika asilimia 100 ya nauli. Ndiyo maana hesabu ilikaribia mara mbili bila kufika: ushuru wa bandari na bakshishi ya wahudumu hutozwa kwa kichwa, na kichwa ni chako tu. Mwombe wakala akuandikie nauli, fidia na ushuru kila kimoja kwenye mstari wake. Ukiona ushuru wa watu wawili, hapo una haki ya kulalamika.

Kuna namna mbili za kuipunguza fidia. Baadhi ya meli zina vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja. Norwegian Epic, iliyoanza kazi mwaka 2010, ilikuja na vyumba 128 vya aina hiyo, na kampuni nyingine zikafuata. Ni vidogo, vingine havina dirisha la baharini, na huisha mapema kwa sababu ni vichache. Usidhani kuwa ndivyo nafuu kila wakati. Mara nyingine chumba cha ndani (kisicho na dirisha) cha watu wawili, hata kikilipiwa mara mbili, hutoka chini ya hicho. Uliza bei zote mbili za tarehe ileile.

Namna ya pili ndiyo tunayoipendelea kwa mstaafu, kwani ana utajiri ambao mwenye ajira hana, yaani muda. Kila Aprili na Mei meli nyingi huhama visiwa vya Karibi kwenda Mediterania, na Oktoba na Novemba hurudi. Katika safari hizo hukaa karibu wiki nzima bila kuona nchi kavu. Wenye likizo fupi hawaziwezi, kwa hiyo nauli hushuka. Ukiweza, chagua ya kuelekea magharibi: usiku kadhaa saa hurudishwa nyuma, nawe unalala saa moja zaidi. Ya kuelekea mashariki hukunyang'anya saa hiyo usiku baada ya usiku, na mwili wa mtu mzima huihisi.

Kuhusu chumba, meli hupanda na kushuka kama ubao wa pembea: ncha mbili zinaruka, katikati pametulia. Chukua chumba cha katikati ya tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya meli, kwenye sitaha za chini. Kisha fungua ramani ya sitaha utazame kilicho juu yako na kilicho chini yako. Chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea kitakuamsha alfajiri kwa viti vinavyokokotwa, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakitakulaza. Kizuri ni kile chenye vyumba vya kulala juu na chini. Zipo nauli za bei ya chini ambazo kampuni ndiyo inakupangia chumba karibu na siku ya kuondoka. Ziache mpaka safari ya pili, utakapojua mwili wako unavyoelewana na bahari.

Swali: Nina miaka 67, nina tatizo la tezi dume. Rafiki amenishauri ninunue plasta ya kubandika nyuma ya sikio ili bahari isinilevye. Inafaa?
– Baba wa watano

Jibu: Mzee wetu, usiibandike kabla ya kuonana na daktari. Plasta hiyo ina dawa ya skopolamini, ambayo inaweza kuzuia mkojo kwa mwenye tezi dume, kupandisha shinikizo la jicho kwa mwenye glakoma, na kumchanganya akili mtu mwenye umri mkubwa. Hata vidonge vya kawaida vinavyoleta usingizi vina tabia hiyo kwa kiasi. Mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote, akuchagulie.

Kosa kubwa la wageni wa bahari ni kungoja. Dawa hizi huzuia, hazitibu vizuri. Ukishatapika, kidonge hakikai tumboni. Kinywe saa moja hivi kabla ya bahari kuchafuka, na matangazo ya nahodha yatakuonya. Meli za leo zina mabawa chini ya maji yanayopunguza kuyumba upande kwa upande, lakini hayasaidii sana meli inapopanda na kushuka kwa omo. Hali ikiwa hivyo, toka nje katikati ya meli, kaza macho kwenye upeo wa bahari, weka kitabu na simu pembeni, na ule kidogo kidogo badala ya kufunga.

Swali: Watoto wangu hawana shida na safari, wana shida na upweke wake. Wananiuliza: ukiugua usiku wa manane, nani atajua?
– Bibi anayetaka kusafiri

Jibu: Shikamoo bibi. Watoto wana hoja. Meli kubwa ina daktari na chumba cha matibabu saa 24. Kinachokosekana ni mtu wa kukugundua. Mhudumu wa chumba huingia kila siku. Mwambie siku ya kwanza kwamba uko peke yako, na usiache kibao cha "usinisumbue" mlangoni kutwa nzima, kwa sababu kikining'inia hapo hakuna atakayegonga. Namba ya dharura imeandikwa kwenye simu ya chumbani. Isome kabla hujaihitaji. Bafu nyingi za melini zina kizingiti kilichoinuka, na watu hujikwaa hapo gizani. Beba taa ndogo ya usiku ya betri. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, hivyo yenye sumaku utaibandika karibu na mlango wa bafu.

Dawa zipimie siku zote za safari na wiki moja ya ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi yenye majina halisi ya dawa, kipimo na namba ya mwanao. Sanduku kubwa utalikabidhi gatini, na linaweza kukufikia chumbani jioni.

Bima ndiyo tunayoisisitiza kuliko yote. Daktari wa meli hulipwa, na bima nyingi za nyumbani hazifiki baharini. Tafuta inayotaja safari za meli kwa jina, inayolipia kuhamishwa kwa helikopta, na uitajie kila ugonjwa ulionao. Shinikizo la damu lililofichwa kwenye fomu linatosha kuifanya kampuni ikatae kulipa.

Ikiwa njiani kuna nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, anza mapema. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti ni cha maisha. Lakini kwa aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, hatari ya madhara makali ni kubwa zaidi, hivyo daktari ndiye wa kuamua.

Swali: Ninunue ziara za meli bandarini au nijitafutie mwenyewe? Nimesikia za meli ni ghali. Na viza ya kuingia Ulaya mara moja itanitosha?
– Mstaafu wa reli

Jibu: Ni ghali kweli, ila bei hiyo ina kitu ndani yake: gari la ziara ya meli likichelewa, meli hulingoja. Ukijitafutia, haikungoji. Bandari iliyo mbali na mji unaokwenda, nunua ya meli. Mji ukiwa mbele ya gati, tembea kwa miguu yako.

Walioachwa mara nyingi si wazembe, ni saa iliyowaponza. Meli ina saa yake, na simu ikishika mtandao wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na ya meli, na urudi saa moja kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Kabla ya kushuka, piga picha ukurasa wa ratiba ya siku wenye jina na simu ya wakala wa bandari. Ukiachwa, huyo ndiye atakayekusaidia kuifuata meli. Angalia pia bandari ambako meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa mashua: mwenye magoti mabovu aulize mapema, maana hatua ile kati ya meli na mashua hupanda na kushuka na wimbi.

Jambo la viza, kwa kuwa uliligusa: meli ikitoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kurudi tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Soma ratiba bandari kwa bandari.

Swali: Nitakula na nani?
– Msomaji

Jibu: Unapolipia, omba meza ya pamoja kwa saa maalumu. Utakaa na watu walewale kila jioni, na usiku wa tatu usipotokea wataulizia. Siku ya kwanza tazama ratiba: meli nyingi huandaa kikao cha wanaosafiri peke yao. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu makundi hujipanga mapema.

Swali: Zoezi la usalama ni lazima? Na siku ya kushuka inakuwaje?
– Mama wa Jumapili

Jibu: Ni lazima, mama. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipozama kwa ubavu Januari 2012, kuna abiria waliopanda siku hiyo ambao hawakuwa wamefanya zoezi. Tangu 1 Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Honi saba fupi na moja ndefu maana yake ni kwenda kituo chako cha kukusanyikia. Tembea kutoka chumbani hadi kituoni kwa ngazi, siyo lifti, uhesabu milango.

Usiku wa mwisho utaambiwa uweke sanduku nje ya mlango, na mabaharia hulichukua ukiwa umelala. Tenga kwanza nguo za asubuhi, viatu, dawa, miwani na pasipoti, uviweke juu ya kiti, ndipo ufunge sanduku. Kila safari hupatikana mtu anayeamka na nguo za kulalia tu.