Kuhusu magauni mekundu ya Winnipeg, na kama upange North End

Dada uliyeanzisha uzi, umeuliza mawili. Moja, magauni mekundu uliyoyaona pichani yametundikwa mitini ni ya nini. Pili, kama ni kweli alivyokuambia shemeji yako kwamba ukija Winnipeg, huku Kanada, usipange mtaa wa North End "kwa sababu ya wale wenyeji, wanauana ovyo". Nipo mji huu tangu 2013, na miaka tisa nimepanga hukohuko North End. Naanza na la pili kwa sababu limenigusa pabaya.

Wiki yangu ya kwanza nilipokewa na watu wa nyumbani. Nikapewa ugali, samaki wa kopo na mawaidha: wale wenyeji wa asili usiwape hela, usiwafungulie mlango, ni walevi, mabinti zao wanazurura usiku. Nikayameza yote, mgeni atabisha nini. Ilinichukua karibu miaka miwili kujua kwamba maneno hayohayo ndiyo ambayo wazazi wa mabinti hao wamekuwa wakijibiwa kaunta za polisi wanapokwenda kusema mtoto hajarudi.

Nilijulia kazini. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na saa nane za usiku kazi ni kukunja shuka. Shuka kubwa inakunjwa na watu wawili: mnasogeleana, mnakabidhiana ncha, mnaachana, mnasogeleana tena. Mwenzangu alikuwa mama wa Kianishinaabe, kabila ambalo wengi wanalijua kwa jina la Ojibwe. Alikuwa akiongea sentensi moja kila tunapokaribiana, kisha anarudi nyuma na shuka yake. Ndivyo nilivyoisikia habari ya mdogo wake, vipandevipande, kwa usiku kama wiki nzima.

Mdogo wake aliomba lifti barabarani kurudi kijijini kwao, hakufika. Mama yao akaenda polisi wa mji mdogo wa karibu. Akaambiwa asubiri, binti atarudi hela zikimwishia. Faili likafunguliwa siku ya kumi na moja. Mwili ulionekana theluji ilipoyeyuka. Baadaye mama akaomba arudishiwe koti la mwanawe, kwa kuwa alilishona mwenyewe. Akajibiwa koti halionekani, na koti ndilo lililokuwa kielelezo. Sisi tuliokulia Tanzania tunaijua vizuri ile "upelelezi bado haujakamilika". Mimi nilidhani ni ugonjwa wa kwetu.

Mama yao anayo kaunta buku. Niliiona nilipokwenda kwao kula. Ameandika kila mpelelezi aliyekabidhiwa kesi: jina, simu, tarehe aliyopiga kujitambulisha. Walikuwa saba. Karibu kila mmoja amepiga mara moja tu, ile ya kujitambulisha. Anayehamishwa anapigiwa mstari, anaandikwa anayefuata.

Sasa namba, maana humu kuna watu bila namba hawaamini. Mwaka 2014 polisi wa shirikisho, RCMP, walitoa hesabu yao: kati ya 1980 na 2012, wanawake wa asili 1,017 waliuawa na 164 walikuwa hawajulikani walipo, jumla 1,181. Wanawake hao ni kama asilimia 4 ya wanawake wote wa Kanada, lakini ni asilimia 16 ya wanawake waliouawa miaka hiyo. Kesi ambazo hazijapatiwa ufumbuzi zilitajwa 225.

Hiyo 225 ndiyo inayowachoma familia. Ili kifo kiingie kwenye hesabu ya mauaji yasiyotatuliwa, lazima kwanza mtu akubali kwamba ni mauaji. Ukiokotwa mtoni wakaandika amezama, au ajali, au sababu ya kifo haikuthibitika, humo hesabuni haumo. Nimekaa na kina mama ambao hawadai muuaji akamatwe, hawajafika huko bado. Wanadai kipande cha karatasi kibadilishwe neno moja.

Mfano unaojulikana nchi nzima ni Tina Fontaine, miaka 15, wa kijiji cha wenyeji wa asili cha Sagkeeng. Agosti 2014 aliripotiwa kupotea. Polisi wawili walisimamisha gari alilokuwemo, wakachukua jina lake, wakamwacha. Baadaye akakutwa amelala uchochoroni, akapelekwa hospitali, ustawi wa jamii wakampeleka hotelini, akatoka. Tarehe 17 mwili wake ulitolewa Mto Red, umefungwa ndani ya foronya ya blanketi nene (duvet) pamoja na mawe ya kuuzamisha. Daktari hakuweza kuthibitisha kilichomuua. Aliyeshtakiwa aliachiwa huru Februari 2018, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Yaani polisi, hospitali na ustawi walimwona, kila mmoja kwa zamu yake. Huyo hakupotea. Aliachwa.

Baada ya Tina, watu wenyewe wakaanza kuupekua mto kwa ndoano kutafuta waliopotea. Kundi linaitwa Drag the Red, na mmoja wa walioanzisha, Bernadette Smith, dada yake amepotea tangu 2008. Nilijitolea Jumamosi mbili, upande wa nchi kavu maana boti siiwezi. Boti zinavuta nondo yenye minyororo na ndoano chini ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Inapokwama kila mtu ananyamaza. Inapanda tairi, inapanda zulia, inapanda gogo. Mimi nilichakura majani ukingoni kwa reki nikapata mfupa. Mikono ilinitetemeka hadi mzee mmoja akauchukua, akaugeuza, akasema ni wa ng'ombe. Akaniambia niendelee. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai ya tangawizi, ikaisha ndani ya dakika tano, nikajiona angalau nimeleta kitu.

Na kuna suala la jalala. Mwaka 2022 mwanamume mmoja aliua wanawake wanne wa asili hapa mjini. Alitiwa hatiani Julai 2024, kwa hiyo muuaji alijulikana. Lakini Morgan Harris na Marcedes Myran walikuwa chini ya taka kwenye dampo la Prairie Green, nje ya mji, na Desemba 2022 polisi walisema hawatawatafuta. Ikasemwa gharama inaweza kufika dola milioni 184. Ikasemwa kuna asbesto. Binti wa Morgan, Cambria Harris, alikwenda hadi bungeni Ottawa kudai. Watu wakapiga kambi kwenye dampo jingine la mjini, wakafunga barabara. Katika uchaguzi wa jimbo wa 2023 chama tawala kilitangaza msimamo wa kutokutafuta kama sera ya kujivunia, mabango barabarani, na mimi nikiyapita kila asubuhi kwenye basi. Kikashindwa. Wab Kinew, aliyeshinda, ni mtu wa asili mwenyewe. Utafutaji ukaanza Desemba 2024, na Machi 2025 wote wawili walikuwa wametambuliwa. Miezi mitatu hivi, kwa kazi iliyosemwa haiwezekani.

Kwetu msiba bila maiti ni matanga yasiyoanuliwa. Huwezi kusoma arobaini ya mtu aliye chini ya takataka za mji mzima na serikali inajua yupo. Kwa hilo sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Magauni: mradi ulianzishwa 2010 na msanii Jaime Black, Mmetisi (jamii yenye asili ya wenyeji na Wazungu) wa hapahapa. Kila gauni ni la mwanamke wa asili aliyepotea au kuuawa: halina mtu ndani, ndiyo maana yenyewe. Wanasema nyekundu ndiyo rangi roho huiona. Tarehe 5 Mei, siku ya kuwakumbuka, utayaona hata kwenye baraza za nyumba. Usilishushe kwa kudhani ni nguo imepeperuka kutoka kamba ya mtu, mimi nusura nifanye hivyo.

North End panga, kodi ni nafuu na basi zipo. Funga mlango kama unavyofunga Mwananyamala. Mwanamke anayewindwa mtaa ule si wewe wala mimi, na mwambie shemeji hivyo.

Mwenzangu amestaafu, tunaongea Jumapili. Mwezi uliopita mpelelezi wa nane amempigia mama yake kujitambulisha. Mama ana miaka 81, macho yameshapungua, hivyo aliyeandika jina kwenye kaunta buku safari hii ni mjukuu, kwa kalamu nene ili bibi aweze kulisoma.