GE peke yake haitoshi kwa mtoto wa miaka minne

Dada, umesema binti yako ana miaka minne na kaka yake saba, na kwamba ile katuni ya dubu anayemtafuta mamake imepewa GE na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa hivyo huoni shida kuwapeleka sinema likizo hii. GE ni ruhusa ya rika zote, PG inamtaka mzazi atumie busara, kisha kuna 16 na 18. Bodi inapima matusi, damu, ngono, vurugu na kadhalika, na ni kazi ya maana. Lakini haimjui binti yako.

Mimi kitu cha kwanza ninachouliza ni hiki: mzazi wa mhusika anapatwa na nini? Finding Nemo ya 2003 ilipewa G kule Marekani, yaani ya watu wote, na dakika za mwanzo tu mamake Nemo na mayai yote isipokuwa moja yanaliwa na samaki aina ya mzia. Damu huioni. Kitinda mimba wangu aliitazama kwenye laptopu akiwa rika la binti yako. Hakulia, bisi zake alikula, lakini filamu inaisha watu wanafurahi, yeye bado anauliza, "Mamake alirudi?" Usiku huo akataka mamake alale upande wa mlangoni. Dadake, aliyekuwa gredi ya tatu, hilo halikumgusa sana. Kilichomkaa ni yule mpiga mbizi anayembeba Nemo na kwenda naye. Kwa wiki kadhaa hakutaka kuniachia mkono pale steji.

Ndivyo walivyo. Mdogo hutishwa na anachokiona: meno, giza, mtu kugeuka jitu, hata kama jitu lenyewe ni jema. Mkubwa hutishwa na jambo linaloweza kumpata kweli.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo wengi hapa Nairobi tunalisahau. Nyumbani mtoto anaongea Kiswahili au Sheng, na katuni inakimbia kwa Kiingereza cha Marekani. Utani unaopunguza hofu uko kwenye maneno. Yeye maneno yanampita, anabaki na sura zilizokunjamana na ngoma zinazodunda. Kwa hivyo zima sauti ya trela uitazame hivyo hivyo. Picha zikikutia wasiwasi wewe mtu mzima, jibu unalo. Na kumbuka ukumbini sauti ni kubwa, hakuna kusimamisha, na kabla filamu haijaanza wanaonyesha trela za filamu nyingine ambazo hukuzichagua.

Soma hadithi mpaka mwisho mtandaoni, kisha umsimulie binti yako kabla ya kwenda. Usiogope kwamba utamharibia utamu. Watoto wa umri huo hurudia katuni moja mpaka sisi tunaichukia.

Kama dubu anampata mamake akiwa hai, nenda nao wote wawili, mkae viti vya pembeni karibu na njia ili mtoke haraka akikataa. Kama mama hapatikani, mpeleke kaka peke yake. Mdogo ataiona nyumbani baadaye, rimoti ikiwa mkononi mwako.