"Inafaa" si amri

Ndugu, umeuliza kwa nini mafundi wanabishana na hati ya kazi uliyoiandika kwa makini. Hilo lilinipata hapa Arua, Uganda.

Tulikuwa tukijenga tangi la maji la zege, Januari, kiangazi kimekolea. Niliandika: "Inafaa zege limwagiliwe kwa siku kadhaa." Siku ya tatu nikakuta magunia ya kufunikia zege ili lisikauke yamekauka kau ukutani, na nyufa nyembamba kama unywele zimeanza. Mkandarasi akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye neno: "Mzee, hapa umesema inafaa. Hukusema lazima." Haki ilikuwa yake.

Mafundi wetu walikuwa Walugbara na Wakongo, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini kina mtego: "limwagiliwe" laweza kuwa amri, ushauri au ombi, umbo ni lilelile. Kwa hiyo kitenzi cha namna hiyo sikiachi peke yake. Natumia maneno matatu tu. LAZIMA: bila hilo kazi haipokelewi. INAPENDEKEZWA: anaweza kufanya vingine, ila kwanza aniandikie sababu. INARUHUSIWA: hiari yake.

Wazo si langu. Waandishi wa kanuni za intaneti walishaliweka mwaka 1997, katika waraka wa Scott Bradner uitwao RFC 2119. Humo pendekezo lina uzito: unaliacha ukiwa na sababu ya kweli, tena baada ya kupima madhara. Mwaka 2017, RFC 8174 ikafafanua kuwa maneno hayo yana maana hiyo maalumu yakiandikwa kwa herufi kubwa tu. Ndiyo maana nami naandika LAZIMA hivyo. "Lazima" ya maelezo ya kawaida isichanganywe na sharti.

Sentensi yangu sasa ni hii: "Mkandarasi LAZIMA adumishe unyevu wa zege, usiku na mchana, kwa siku 7 tangu limwagwe. Msimamizi atakagua magunia asubuhi na jioni." Nani, nini, muda gani, nani anakagua. "Siku kadhaa" nimeitupa; kila mtu huihesabu kwa kalenda yake.

Ila usiimwage LAZIMA kila mstari. Niliwahi kupewa hati iliyolazimisha hata rangi ya mlango wa stoo. Mafundi waliona masharti yote yana uzito mmoja, wakachagua wenyewe ya kufuata, na nondo zikawekwa karibu mno na ukingo wa zege.

Weka hapa ile sentensi inayowagombanisha zaidi, tuiandike upya pamoja.