Using'oe mpapai wowote kabla hujapasua ua lake

Weka jembe chini kwanza. Umeandika kwamba umenunua miche 200 ya mipapai kwa ajili ya shamba lako la Kigamboni, kwamba muuzaji amekuhakikishia yote ni majike kwa kuwa mizizi yake imegawanyika, na kwamba utapanda mche mmoja kila shimo. Kisha ukauliza kuhusu nafasi, mbolea na namna ya kutofautisha dume na jike. Hayo ya mizizi niliambiwa hata mimi, na muuzaji wa miche wa kando ya barabara kule Chanika, ambaye aliichomoa kwenye viriba mmoja mmoja na kuikagua kwa uzito wa daktari anayesoma picha ya eksirei. Hakuna mzizi, jani wala rangi ya mbegu inayotaja jinsia ya mpapai. Jinsia huonekana kwenye ua, na ua huja miezi 4 hadi 6 hivi baada ya kupanda. Tena hata angekuwa mkweli, shamba la majike matupu lisilo na chavua, yaani ule unga wa maua ya kiume, halizai inavyopasa.

Hata hivyo, uongo wake haukunigharimu kama ujuaji wangu mwenyewe. Nilipanda miche 120, mmoja kila shimo, nikainywesha kwa maji ya boza. Ilipochanua, mingine ilishusha vikonyo virefu vyenye matawi, vimesheheni vijiua vyembamba, na mingine ilikuwa na ua moja moja, au mawili matatu, yaliyobana shinani kwenye kwapa la jani. Nikajiambia kuwa penye maua mengi ndipo penye mapapai mengi. Nikaingia na panga, nikaikata ile yenye maua machache, hamsini na kitu, nikiiita mizembe. Naam, ndugu yangu, nilifyeka majike kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaendelea kuyanunulia madume maji kwa miezi 3 mingine na kuyaonyesha kwa kila mgeni aliyefika.

Mama mmoja jirani, anayeuza matunda Buguruni, alipita akatazama, akaniuliza kwa adabu kama nafuga nyuki. Alikwenda kwenye mpapai uliosalimika nyuma ya choo, akachuma ua nene na kulipasua kwa kucha. Petali 5 zilitengana karibu hadi chini, na katikati palikuwa na kitu cha kijani, cha mviringo kama gololi, chenye kishungi juu yake, bila stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, hata moja. Kisha akapasua kijiua cha kikonyo kirefu: mrija mwembamba, stameni 10 karibu na mdomo wake, na ndani kijiti kama sindano. Ile gololi, akasema, ndiyo papai lenyewe.

Kuna na aina ya tatu, yenye jinsia mbili, ambayo ua lake nalo hukaa karibu na shina, ila ovari yake, yaani sehemu inayokua kuwa tunda, ni ndefu na imezungukwa na stameni. Huo hujichavusha wenyewe na kuzaa papai refu, ilhali jike huzaa la mviringo. Usije ukauona una stameni ukaukata kwa kudhani ni dume.

Kwa hiyo panda miche 3 kila shimo, ngoja maua, pasua angalau mawili kwenye kila mti, ndipo ushike panga na kubakiza mmoja. Dume 1 kwa majike 10 hivi linatosha. Najua miche 200 itakupa mashimo 66 tu, na itakuuma.

Yule muuzaji nilimrudia. Alidai kwamba udongo wangu ndio uliobadili jinsia, akanishauri nipigilie msumari shinani ili dume ligeuke jike. Nilipigilia kwenye mitatu, na yote ikaendelea kuchanua kwa furaha. Likifunguka ua lako la kwanza, lipasue, lipige picha kiganjani, uiweke hapa kabla hujakata chochote.